Gambuti za Mtani

Bigwa, Morogoro
3 Februari 2024

Mjomba wangu Abdi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mdalasini umekauka vizuri. Mimi sijambo, ila nina jambo.

Wajomba wa wenzangu wanapigiwa simu. Wewe masikio yako yamestaafu kabla yako, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu kama mtoto wa shule. Shadia wa ndizi ameahidi kuifikisha. Akishusha mikungu yake sokoni anapanda nayo huko Kinole.

Mjomba, nimehamishwa. Tangu mwezi uliopita niko hospitali ya watoto. Ndiyo, ile ile. Siku ya kwanza matroni alinizungusha wodini, hapa dawa, hapa mitungi ya oksijeni, nami naitikia "sawa, sawa" huku macho yangu yako kwenye kitanda cha pembeni, chini ya dirisha linalotazama mlima. Pale ndipo alipolala mdogo wangu Hafidhi. Kitanda ni kipya, kina magurudumu, lakini pembe ni ile ile. Nilikuwa na miaka saba, na bado nakumbuka mama alivyokaa sakafuni, mgongo ukutani, mguu mmoja ameukunja. Nikimwona mama wa mtu amekaa hivyo, moyo unanipasuka.

Mama sijamwambia. Anajua bado niko zahanati. Unajua tangu siku aliyotoka pale na Hafidhi amefunikwa khanga hajashuka mjini hata mara moja, maana njia ya mjini lazima ipite Bigwa. Khanga anaagiza, sukari anaagiza, hata macho yalipomsumbua alikataa kuja kupimwa. Akisikia nafanya kazi mle ndani sijui itakuwaje. Nakuomba, barua hii isome mwenyewe, uifiche.

Na jambo moja nimeliapa mbele ya ile pembe. Sitakuwa kama yule mwanamke aliyekuja kwetu matangani. Unamkumbuka? Watu wanalia, yeye anacheka, amevaa kofia ya Hafidhi kichwani, anagaagaa mavumbini. Nilimrukia nikamng'ata mkono, wewe ndiye uliyenibandua. Mpaka leo nikimkumbuka hasira inanipanda.

Mpwa wako,
Zuleha


Kinole
12 Februari 2024

Mpwa wangu Zuleha,

Marahaba. Barua imefika, inanukia ndizi mbivu, karibu niimenye.

Siri yako imezikwa. Nimeisoma barazani peke yangu, mwanzo mpaka mwisho, mara mbili. Hapakuwa na mtu isipokuwa mama yako aliyekuwa uani akichambua maharage, na yule na barua wapi na wapi. Nimeichomeka kwenye mwamba wa paa. Kaa kwa amani.

Mama yako hajambo, ila sijui ana nini siku hizi. Jana mchuzi katia chumvi mara mbili, nikimwuliza ananitazama tu. Uzee unatujia wote.

Kazi ifanye. Hospitali haina kosa, na kitanda hakina kosa. Mtoto aliugua, wakampigania, Mungu akamchukua aliye wake. Mimi nilikuwepo, nilimwona daktari anatoka nje kujifuta uso.

Kuhusu yule mwanamke uliyemng'ata, lipo neno, lakini si la barua. Ukipanda tutaongea. Wewe utaongea, maana mimi nitakuwa natazama midomo.

Nimekufungia mdalasini kidogo. Weka kwenye chai.

Mjomba wako,
Abdi, aliyekuwa muadhini


Bigwa
5 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Leo nina habari ya kukuchekesha. Wodini nimepata mtani!

Anaitwa Salehe, miaka sita, Mnyamwezi aliyezaliwa hapa hapa Bigwa. Siku ya kwanza nilipomchoma sindano alinitazama kwa makini, akauliza: "Wewe kabila gani?" Nikamwambia Mluguru. Akamgeukia mama yake: "Si unaona! Ndiyo maana!" Wodi nzima ilicheka.

Ana seli mundu. Mifupa ikianza kumuuma anakuja, tunampa maji na dawa za maumivu, safari nyingine tunamwongezea damu, kisha anarudi kwao mpaka mara nyingine. Baba yake yuko kwenye mashamba ya miwa, huja mwisho wa mwezi. Mama yake anaitwa Nyamizi, mwembamba, ana ulimi huyo! Nikichelewa kidogo ananiambia, "Karibu mtani, leo mlima ulikuwa na utelezi?"

Sasa huyu Salehe ana gambuti za njano alizonunuliwa na baba yake wakati wa vuli. Haachani nazo. Akilala ziko chini ya kitanda, akikaa ziko miguuni, hata jua likiwaka. Nikamwambia, "Mtani, siku ukifa hizo gambuti ni zangu. Nazirithi mimi, watu wote hapa mashahidi." Alicheka mpaka akapaliwa. "Hazikutoshi! Una miguu ya kupandia mlima!" Nyamizi naye anachochea: "Mwanangu, ulale nazo, maana Mluguru akiona cha bure huteremka mlima bila kukanyaga chini." Tangu hapo kila nikiingia wodini ananyanyua miguu juu ya kitanda, gambuti zile, anapiga kelele: "Bado sijafaaa!"

Mjomba, kuna siku naenda kazini kwa ajili ya miguu ile. Pembe ya Hafidhi siiangalii tena. Naona kama naweza kukaa hapa.

Mfungo unakaribia. Tusameheane.

Zuleha


Kinole
17 Machi 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, na mfungo mwema. Hapa kunanyesha usiku na mchana, na mimi nafungua kwa viazi vikuu kama mfalme.

Mwambie huyo Mnyamwezi wako kuwa babu yake alibebeshwa mzigo na babu yangu kutoka Bagamoyo, na njiani akala nusu. Mpaka leo tunaungoja. Akipona aje Kinole abebe mkungu mmoja mpaka kileleni, tutakuwa tumesameheana. Mwambie pia gambuti za njano huvaliwa na bata.

Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu, mpaka mama yako akatoka jikoni kunitazama. Alisimama pale mlangoni muda mrefu. Nikamwonyesha kwa mkono kuwa si kitu.

Mdalasini huu ni wa Salehe. Mama yake amtilie kwenye uji.

Abdi


Bigwa
20 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Salehe amefariki. Ni Jumanne iliyopita, alfajiri. Aliletwa Jumapili kifua kimembana, na safari hii hakuuliza kabila la mtu. Tulifanya yote, Mjomba. Damu ilipatikana, daktari hakuondoka pale. Jumatatu jioni zamu yangu ilipoisha nilimpitia, akanyanyua mguu mmoja, kidogo tu. Sauti haikutoka. Mimi nikasema, nikicheka, "Mtani, leo nazichukua." Hilo ndilo neno la mwisho aliloondoka nalo kutoka kwangu.

Asubuhi nilikuta kitanda kimetandikwa. Chini yake gambuti, zimeoshwa, zimepangwa pamoja, pua zimeelekea mlangoni. Matroni akaniambia mama yake kaziacha, akasema ni za nesi Zuleha. Basi. Hakuacha salamu wala neno jingine. Amenirudishia maneno yangu. Ni kama anasema: mwanangu amekufa, haya, chukua.

Nani humwambia mtoto mgonjwa "siku ukifa"? Mtoto wa seli mundu! Niliapa nisiwe kama yule mwanamke, na nimekuwa yeye, tena nimemzidi. Angalau yeye alikuja kucheka baada ya kifo.

Mazikoni sikwenda. Walizika siku ile ile adhuhuri, hapa hapa Bigwa, nikasikia watu wanapita barabarani na jeneza nikafunga dirisha. Kwao ni nyumba ya tano kutoka kwenye mfereji ninaouvuka nikienda kazini; sasa nazunguka kwa nyuma, kwenye matope, nisipite mbele yao. Gambuti ziko chini ya meza yangu, na chakula nakula nimesimama nje.

Nimeandika barua ya kuomba kuacha kazi. Sijaipeleka. Wewe ndiye mjomba wangu, wewe ndiye uliyesema nisome, nataka ruhusa yako. Niambie niache, Mjomba. Nitarudi Kinole nilime pilipili manga na wewe.

Zuleha


Kinole
5 Mei 2024

Zuleha,

Marahaba. Barua yako imechelewa kunifikia. Barabara ilikatika kwa mvua, Shadia alikwama wiki nzima, na nilipoipata nikakaa nayo kutwa bila kula. Mungu ampe Salehe wepesi. Nimemlilia mtoto ambaye sikupata kumwona.

Sasa nisikilize. Ruhusa sikupi.

Umekosea, na nitakwambia ulipokosea, maana naona hata mahali pa kulia umepakosa. Hukukosea kumtania. Yule mtoto alikuwa na maumivu ya kumtoa mtu mzima machozi, na wewe ulimpa kitu cha kujibu. Kila siku alikujibu "bado sijafa." Unadhani ni wagonjwa wangapi wanapata nafasi ya kusema hivyo kwa kelele? Kosa lako ni kutokwenda matangani. Ninyi wa siku hizi mmechukua nusu ya utani, ile ya kuchekeana barabarani, mkaiacha nusu ya pili. Mtani anayedai urithi lazima aje kuuchukua. Anakuja amevaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, analala hata kaburini mpaka wafiwa wampe kitu, hata jogoo, ndipo atoke. Hao wengine wote wamekuja kumzika. Mtani amekuja kumrudisha kidogo, watu wamwone mara moja tena, ndipo waweze kumwacha.

Nyamizi hakukutukana. Mnyamwezi yule kakuachia fungu lako la mtani, tena kaliosha. Amekuita, wewe umefunga dirisha!

Na sasa nitaliandika lile neno nililosema si la barua. Yule mwanamke uliyemng'ata anaitwa Kabula. Alikuwa nesi. Nesi wa wodi ile ile unayofanyia kazi, na Mnyamwezi. Ndiye aliyemwuguza Hafidhi. Mdogo wako alikuwa na kofia ya kiua niliyomnunulia mimi, na kila siku Kabula alimwambia, "Mluguru mdogo, ukifa kofia yangu." Hafidhi aliishikilia kwa mikono miwili, anacheka na homa yake. Alipokufa, mama yako aliiacha juu ya mto. Usiniulize kwa nini, nadhani mkono wake ulijua kabla yake.

Siku tatu mama yako hakulia. Hakula, hakulala, hakusema. Tulianza kuogopa kuwa tutazika wawili. Ndipo Kabula akapanda kutoka mjini, kwa miguu kutoka barabarani, amevaa kofia ile imemkalia utosini kama kifuniko cha chupa. Akaingia uani akikimbia kwa matege kama alivyokimbia Hafidhi, anaita "Mama, ndizi! Mama, ndizi!" kwa sauti yake kabisa. Watu walishika midomo. Na mama yako akacheka. Nilimwona kwa macho haya. Akacheka, akasimama, akamshika Kabula shingoni, na kilio kilichomtoka kilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Usiku ule alikula uji. Wewe hukuliona hilo, maana wakati ule nilikuwa nimekugeuza uso ukutani, nakuosha damu ya Kabula mdomoni.

Kabula hakukasirika. Alisema, "Huyu mtoto ana meno mazuri, mumtunze."

Basi hesabu arobaini ya Salehe mwenyewe, unajua kuhesabu. Uende. Uende na gambuti.

Abdi


Bigwa
27 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimekwenda.

Hitima ilikuwa imekwisha, wanawake wanapakua pilau. Nilisimama nje ya ua na kikapu, gambuti ndani, nimepanga kuingia kwa kelele kama ulivyonieleza. Nikashindwa. Nilikuwa nimeshageuka nirudi, wallahi, pale mtu mmoja aliponiona na kusema, "Karibu nesi," na watu wote wakatazama.

Nyamizi alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, mguu mmoja ameukunja. Amekonda, amebaki macho. Nilitoa gambuti kwenye kikapu. Alizitazama, halafu akanitazama mimi, akasema polepole, "Umechelewa, Mluguru. Nilidhani umeogopa kutembea tambarare."

Mjomba, sijui kilichonipata. Nilivua viatu, nikakaa chini katikati ya ua, nikaanza kuchomeka vidole kwenye gambuti zile. Haziingii! Navuta, nasukuma, naguna, namwita, "Salehe! We Salehe! Nani kasema hazinitoshi? Toka uje uone!" Nikasimama kwa vidole tu, visigino vinaning'inia nje, nikatembea ule mwendo wake wa kuburuza, mkono mmoja kiunoni kama alivyofanya mifupa ikimuuma. Nikamwendea bibi mmoja, nikamkazia macho, nikamwuliza, "Wewe kabila gani?" Nikalala chali pale pale kwenye mchanga, nikanyanyua miguu yote miwili, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Bado sijafaaa!"

Nilifumba macho nikasema nimekwisha, watanipiga. Kisha nikasikia mtu anacheka. Alikuwa Nyamizi. Alicheka huku ameziba mdomo kwa khanga, na baba yake Salehe naye akacheka, na watoto, na yule bibi. Na Nyamizi akatambaa kutoka kwenye mkeka, akaishika miguu yangu, gambuti na vyote, akaikumbatia. Alilia, Mjomba. Alilia mpaka na mimi nikalia nikiwa nimelala vile vile na miguu juu. Yule bibi alisema Nyamizi alikuwa hajalia tangu mtoto aingie ardhini.

Walinipa jogoo. Nyamizi alinisindikiza mpaka mferejini. Akaniambia, "Wote walikuja na pole. Pole zimejaa nyumba, sina pa kuziweka. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kunisimulia alivyokuwa. Nikasema, Mluguru wangu atakuja, yule anamjua." Alikuwa akiuchungulia mfereji kila jioni. Na mimi nilikuwa nazunguka kwa nyuma.

Barua ya kuacha kazi nimewashia mkaa wa kumpikia yule jogoo. Kesho niko zamu ya asubuhi. Kitanda cha Salehe kina mtoto mwingine, msichana, analia akimwona mtu yeyote mwenye nguo nyeupe.

Gambuti ziko mlangoni kwangu. Bado nakosa usingizi.

Mpwa wako,
Zuleha


Kinole
9 Juni 2024

Mwanangu Zuleha,

Barua hii mkono ni wa mjomba wako, maneno ni yangu mimi mama yako. Inabidi nimpigie kelele sikioni neno moja moja, kwa hiyo ujue jirani zetu wote wameshaisikia kabla yako. Si neno.

Nilijua tangu Februari. Kaka yangu anasoma barua kama anaadhini. Sauti yake haijui tena, lakini sisi tunaijua. Barua ya kwanza niliisikia toka uani, maharage yote yakanimwagika. Ya Salehe nilitoka jikoni nikasimama mlangoni niisikie vizuri. Ya gambuti walikuja hata watu wa ng'ambo. Sasa hivi amekataa kuandika haya, nimemkazia macho, ameandika.

Hukunikosea kunificha. Ulidhani nina hasira na hospitali ile. Sina. Wale watu walimshika mwanangu vizuri. Sikushuka Bigwa kwa sababu nilikuwa naogopa kwamba nikiingia nitamkuta bado amelala pale pembeni ananingoja, na mimi nimechelewa miaka yote hii. Ni upuuzi, najua. Moyo wa mama hauna shule.

Jumamosi nakuja na Shadia. Unipeleke kwenye ile pembe nikae kidogo. Kama yupo mama amekaa sakafuni, nitakaa naye. Halafu unipeleke kwa Nyamizi. Nina ndizi zake, na nina matusi yake niliyoyatunza siku nyingi.

Neno la mwisho. Kabula yuko Nzega kwao, amezeeka, miguu inamsumbua. Kofia ya... ya mdogo wako anayo mpaka leo. Umeona, hata jina lake nimeshindwa kulisema, ulimi umezoea kulizunguka. Hafidhi. Kofia ya Hafidhi anayo. Kila Idi anapiga simu kwa Shadia, ananiuliza, "Mluguru, hujafa tu?" Nami namjibu kama mtani wako alivyokujibu wewe.

Siku moja sitamjibu. Siku hiyo atakuja yeye, na akishindwa kutembea atamtuma binti yake. Utamwona anaingia uani na ile kofia utosini, anacheka, anatembea kama mimi, mgongo huu, kikohozi hiki, na wewe utakuwa umekaa mkekani huwezi kulia. Mpishe apite. Mpe jogoo mkubwa.

Na safari hii, mwanangu, usimng'ate.

Mama yako,
Mama Hafidhi